Bobi Analala Nje: Kuishi na Mbwa Wakati Kifua Hakimtaki



Wiki mbili zilizopita, katika kikao chetu, mama mmoja alisimama akauliza swali: "Mutu anaweza kugonjwa juu ya mbwa?" Wengi walicheka. Mimi pia nilicheka, na nilicheka kwa haya tu. Niliporudi nyumbani niliona nimefanya vibaya, maana jibu la swali lile ninalo, na nililipata kwa bei kali. Ndiyo, mama, mtu anaweza kuugua kwa sababu ya mbwa. Mimi ni mmoja wao. Na mbwa bado ninaye. Basi niruhusuni nieleze yote kama yalivyotokea, hata yale ambayo siyapendi.

Mbwa wetu anaitwa Bobi. Aliingia katika parseli yetu mwezi wa sita, mwaka 2021. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye mgodi mmoja upande wa Kolwezi, karibu kilomita 300 toka hapa, na anarudi nyumbani kila baada ya wiki tatu. Mimi nilibaki na watoto wanne, nyumba ya vyumba viwili na saluni, na ukuta wa matofali ambao upande wa nyuma ulikuwa haujamalizika. Mwezi wa nne wa mwaka uleule wezi waliingia kwa jirani yetu. Walichukua televizyo, simu zote, magunia mawili ya unga, na kabla ya kuondoka walimpiga baba wa nyumba mbele ya watoto wake. Sisi tulikuwa tumelala hatua ishirini tu toka pale. Hatukusikia kitu.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Mnajua maisha ya usiku katika mitaa yetu. Umeme unakatika, giza linaingia, na ukisikia mguu nyuma ya dirisha unashika sufuria na kijiko ili ugonge majirani waamke. Mume wangu aliporudi likizo na mbwa mdogo wa rangi ya udongo, amefungwa kamba ya katani, mimi ndiye niliyefurahi kuliko watoto. Hakuwa mbwa wa bei. Alikuwa mbwa wa kwetu, mwembamba, masikio yamesimama. Wiki ya tatu tu alianza kubweka akisikia mtu asiyemjua karibu na ukuta.

Wiki hiyohiyo ya tatu mimi nilianza kukohoa.

Sikuwaza habari ya mbwa hata kidogo. Mwezi wa sita na wa saba, nani hakohoi katika Lubumbashi? Mvua imeondoka, vumbi jekundu linapanda toka barabarani kila lori linapopita, asubuhi baridi inauma, na usiku tunaingiza mbabula karibu na mlango ili tupate joto kidogo. Tena kazi yangu ni kuuza unga wa muhindi sokoni. Kutwa nzima ninapima unga, unaruka, unaniingia puani. Nilijiambia: ni unga, ni vumbi, ni baridi, mvua ikirudi itapita.

Haikupita. Asubuhi nilikuwa ninapiga chafya kumi, kumi na mbili, bila kupumzika. Macho yaliniwasha mpaka yakawa mekundu kama ya mtu aliyelia. Usiku, kwenye saa tisa, niliamka na filimbi ndani ya kifua. Nasema filimbi kwa kuwa sijui neno lingine: nikitoa pumzi, kitu kinapiga mluzi ndani, na pumzi haitaki kutoka yote.

Sokoni ndiko aibu ilikoanzia. Mwanamke anayeuza chakula akikohoa, watu wanafikiri kifua kikuu. Hawakuambii. Wanapita tu mbele ya meza yako, wanaenda kununua kwa yule wa pembeni. Niliwaona wateja wangu wa miaka wakipita hivyo. Basi nilijifunza kumeza kikohozi. Nilinunua vidonge vya mafua kwa kijana anayetembeza dawa, vya kuzuia chafya. Vilizuia kweli, lakini vilinilaza. Siku moja nilisinzia nikamrudishia mteja chenji ya noti ambayo hakunipa, faida ya siku tatu ikaenda. Na watoto waliponiuliza, "Mama, uko na nini?", niliwajibu neno moja tu: gripe. Kila siku gripe. Kumbukeni neno hilo, maana ndilo karibu liniue.

Shangazi mmoja wa ukoo alikuja kunitazama. Akasema kikohozi kile si cha bure, kuna mtu anaona wivu kwa kazi ya mume wangu. Tulienda kuomba. Sisemi neno baya juu ya maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa kuomba. Lakini tulipotoka kwenye maombi nilirudi kulala katika nyumba ileile, juu ya godoro lilelile ambalo Bobi alikuwa analalia mchana nikiwa sokoni.

Mwezi wa nane nilienda kwenye kituo cha afya, tena kwa siri. Walinipima makohozi mara mbili. Hakukuwa na kifua kikuu. Nililia kwa furaha. Kisha muuguzi, mama mtu mzima aliyenizidi umri, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Kikohozi kinazidi saa ngapi? Kinazidi wapi, sokoni au nyumbani? Siku gani ulilala bila filimbi? Sikujua kujibu. Akaniambia nichukue daftari la mtoto, niandike kwa wiki mbili: nimelala wapi, nimefanya nini, kifua kimekuwaje.

Katikati ya wiki hizo mbili tulipata kilio Likasi. Nilikaa siku nne, nimelala chini juu ya mkeka pamoja na wamama wengine, moshi wa kuni usiku kucha, vumbi kama la hapa. Kama ugonjwa wangu ungekuwa wa vumbi na moshi peke yake, ningezidiwa kulekule. Lakini siku ya tatu kifua kilitulia. Siku ya nne nililala mpaka asubuhi. Nilirudi nyumbani Jumapili jioni, na Jumatatu saa tisa ya usiku filimbi ikapiga.

Muuguzi alisoma daftari langu, akainua kichwa. "Mama, kwenu kuko mbwa? Ao paka?"

Nilimwambia kuko mbwa. "Analala wapi?" Nikanyamaza.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Miili ya watu wengine inakosea. Inaona kitu kisicho na madhara, inakichukua kuwa ni adui, inaanza kupigana nacho: pua inatoa maji, macho yanawasha, njia za pumzi zinavimba ndani na kubana. Hiyo ndiyo alerji, wengine wanaiita mzio. Kwa mtu kama mimi vita hiyo inafika mpaka kwenye mapafu, inakuwa asma, ile ambayo majirani zetu wa Tanzania wanaiita pumu. Si kila mtu. Mume wangu anaweza kulala na mbwa kichwani asipige hata chafya moja. Ni namna mwili ulivyo, haina uhusiano na uchafu wala na dhambi.

Nilimwambia kwamba nywele za Bobi ni fupi. Akatikisa kichwa. Si nywele. Ni kitu kilicho katika mate ya mbwa, katika mkojo wake, na katika vigamba vidogo vya ngozi yake ambavyo jicho halivioni. Mbwa akijiramba, mate yanakauka juu ya manyoya, yanakuwa vumbi jembamba sana. Vumbi hilo linaelea hewani, linashika kwenye nguo, godoro, pazia, kiti cha kitambaa, hata ukutani. Kwa hiyo mbwa wa nywele fupi na mbwa wa nywele ndefu ni sawa, na yule anayeuziwa watu kwa bei kubwa kwamba haleti alerji, msimwamini anayemuuza. Tena, hata ukimwondoa mbwa leo, vumbi lake linabaki ndani ya nyumba kwa miezi kama hujafua na kusafisha kila kitu.

Kisha akaniambia ukweli wa mwisho: "Dawa ya kwanza ni kukaa bila mbwa." Alisema hivyo wazi, na mimi pia nawaambia wazi, ili mtu asisome habari yangu akafikiri nimegundua njia ya kukwepa.

Usiku ule nilimpigia simu mume wangu. Akajibu palepale: "Nikirudi nitamuondoa." Nilipaswa kusema asante. Lakini wiki moja kabla, usiku wa manane, Bobi alikuwa amebweka kwa namna ambayo hajawahi. Si kubweka kwa paka au kwa mlevi. Asubuhi tulikuta tofali mbili zimeangushwa kwenye ukuta wa nyuma na alama za viatu upande wa ndani. Mtu alikuwa ameruka, akageuka. Nilipima katika moyo wangu: pumzi yangu upande mmoja, usingizi wa watoto wangu upande wa pili. Wamama wengi wanajua mizani ya namna hiyo. Nilimwambia mume wangu: "Mwache. Tutaona namna."

Namna hiyo muuguzi alinipa, hata kama hakufurahi. Bobi hataingia ndani ya nyumba tena, si chumbani tu, ndani yote. Mimi sitamwogesha, atamwogesha mtu mwingine, mara mbili kwa wiki, kwa sababu ule uchafu unaotoka ngozini unarudi baada ya siku chache tu. Nikimgusa, ninanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Mashuka yanafuliwa kila wiki kwa maji ya moto, magodoro yanatolewa juani. Mbabula haiingii ndani tena, kwa kuwa kifua ambacho tayari kimevimba kinapokutana na moshi wa makala kinafunga haraka. Na moshi wa makala ndani ya nyumba iliyofungwa unaua hata mwenye kifua kizima.

Kuhusu dawa, daktari alinipa mbili, na tofauti yake nilichelewa kuielewa, kwa hiyo shikeni vizuri. Ya kwanza ni pompi ya bluu, salbutamoli. Hiyo inafungua njia ya pumzi kwa haraka wakati umebanwa, lakini haiponyi uvimbe wa ndani. Ya pili ni pompi ya kuvuta asubuhi na jioni, kila siku, hata siku ambayo unajisikia mzima. Hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe. Wengi wetu tunapenda ya bluu kwa sababu tunaona kazi yake palepale, na ile ya kila siku tunaiacha kwa sababu ya bei au kwa sababu "leo siumwi". Nilifanya hivyo pia. Na vile vidonge vya kulaza niliviacha. Kuna vingine visivyolaza sana, daktari ndiye anayechagua.

Mwezi wa tisa na wa kumi nilikuwa mtu mpya. Nilipiga chafya moja moja tu. Mvua ilipoanza, vumbi likalala, nikasema nimeshinda. Nikapunguza pompi ya kila siku ili iishe polepole.

Lakini mvua ilipokolea, filimbi ilirudi. Mwezi wa kwanza ilikuwa usiku mmoja katika juma, kisha mitatu. Sikuelewa. Bobi yuko nje, mashuka yanafuliwa, vumbi hakuna. Niliwaza labda muuguzi alikosea. Watoto wakaniuliza tena, "Mama, uko na nini?" Na mimi, ambaye nilikuwa najua jina la ugonjwa wangu tangu mwezi wa nane, nikajibu: gripe. Niliwaambia Bobi asiingie ndani kwa sababu analeta uchafu. Sikuwaambia kwamba ananifunga kifua. Niliona haya mtoto aende kusema shuleni kwamba mama yake ana asma. Tena niliogopa mdogo wetu, aliyekuwa na miaka minne na anampenda Bobi kama ndugu, asije akamchukia mbwa, au akanichukia mimi.

Usiku mmoja wa mwezi wa pili, mwaka 2022, ilinyesha mvua ya radi. Niliamka kwa baridi, nikatoka saluni gizani, nikachukua blanketi lililokuwa juu ya kiti, nikarudi kujifunika mpaka shingoni. Sijui nililala dakika ngapi. Niliamka nimekaa kitandani, mikono juu ya magoti, na pumzi haiingii wala haitoki. Nilitafuta pompi ya bluu chini ya mto. Nilibonyeza mara nne, ikatoa hewa tupu. Nilitaka kumwita binti yangu mkubwa, sauti haikutoka. Niligonga ukuta kwa mkono.

Alikuja na tochi ya simu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliniona, akapiga kelele, akakimbia nje ndani ya mvua ile bila viatu, mpaka kwa yule jirani aliyekuwa ameibiwa. Baba yule alitoa gari lake la zamani, wakanibeba. Sikumbuki njia. Nakumbuka mkono wa binti yangu juu ya mgongo wangu, anasema, "Mama, vuta. Mama, vuta tu." Hospitali walinipa oksijeni na dawa ya mvuke. Daktari aliniambia kwamba ningechelewa kidogo tu, asingekuwa na la kufanya.

Mchana wake mtoto wangu wa pili, kijana wa miaka kumi, alikuja kusimama karibu na kitanda. Alikuwa analia bila sauti. Akasema: "Mama, ni sisi. Bobi analalaka na sisi kila siku ya mvula. Tuliona atakufa na baridi. Asubui tulikuwa tunamutosha mbele uamuke. Jana alilala mu kiti, juu ya blanketi." Kisha akaongeza: "Ulitwambiaka ni gripe tu."

Wamama, nimelipiga shoka kichwani mwangu neno lile mara nyingi tangu siku hiyo. Watoto wangu hawakuvunja sheria kwa ukaidi. Waliivunja kwa huruma. Waliona mnyama ananyeshewa, na mama anayesema mbwa ni mchafu. Kati ya uchafu na kifo cha Bobi, walichagua kama mtoto mwema anavyochagua. Kama wangejua kwamba upande wa pili wa mizani ulikuwa uhai wa mama yao, wangechagua vingine. Nani aliwaficha? Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilikuwa mlangoni tayari.

Nilipotoka hospitali, mume wangu alikuwa amefika. Tulikaa wote sita saluni, hata yule mdogo. Niliwaambia jina la ugonjwa. Niliwaonyesha pompi zote mbili na kazi ya kila moja. Niliwaambia kwamba si kosa la Bobi, hafanyi kwa kusudi, na si kosa lao. Yule mdogo aliuliza, "Bobi akikuramba utakufa?" Nikamjibu hapana, lakini nitaumwa. Akawaza, akasema: "Basi mimi nitamukataza."

Baba yao alitaka kumwondoa Bobi siku ileile. Watoto hawakubishana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Binti mkubwa alisema tu: "Kama ni juu ya Mama, aende." Niliposikia vile nilijua kwamba sasa tunaweza kujaribu tena, kwa sababu sasa tulikuwa sita tunaolinda kifua kimoja, badala ya mimi peke yangu ninayekificha.

Tulijaribu kwa masharti, tukayaandika kwenye daftari. Baba na kijana walimjengea Bobi kibanda cha mbao na bati, juu ya matofali ili maji ya mvua yapite chini, mlango wake ukitazama ukuta wa nyuma ambako wezi wanapitia. Ndani tuliweka magunia, na magunia yanabadilishwa kila juma. Kazi ya kumwogesha ni ya kijana. Binti mkubwa anafua magunia mbali na nguo zetu. Mtoto akicheza na Bobi anavua shati mlangoni, ananawa, ndipo anaingia. Kitandani kwangu hapandi mtu na nguo za nje. Pompi ya bluu inaning'inia kwenye msumari pembeni ya mlango wa chumba, kila mtu anajua mahali pake, na kuna nyingine mpya ndani ya sanduku. Kijana anaitikisa na kuijaribu kila Jumamosi.

Tulijifunza pia jambo la chupa. Ukiwa umebanwa, ni vigumu kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na dawa nyingi inabaki mdomoni. Kuna chombo cha kuweka kati ya pompi na mdomo, lakini kinauzwa bei. Mwaka 1999 waganga wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti wao juu ya watoto waliobanwa na asma: chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa pompi na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na kile cha kununua. Muuguzi alitutengenezea, akatufundisha. Ombeni na nyinyi mfundishwe kwenye kituo chenu, msikate wenyewe bila kuonyeshwa.

Sharti la mwisho tuliliandika kwa wino mwekundu. Nikihitaji pompi ya bluu zaidi ya mara mbili kwa juma, narudi kwa daktari bila kungoja. Na nikibanwa tena kama usiku ule, Bobi anaenda kwa shemeji yangu Kipushi, hakuna kikao kingine. Watoto wote walitia sahihi. Mdogo alichora mbwa.

Mpaka leo daftari halijafunguliwa kwa sababu hiyo. Sijapona, asma haiondoki hivyo. Mwezi wa saba ninahesabu siku. Pompi ya kila siku inakula pesa, na ndiyo sababu mara nyingi jina langu katika likelemba linawekwa mwezi wa tano, kabla ya vumbi. Ukuta wa nyuma mume wangu ameumaliza. Na kuna kitu nimekipoteza: tangu usiku ule sijamshika Bobi. Nikirudi toka soko anakimbia kunipokea, anafika kwenye mti wa mapera, anasimama. Watoto wamemfundisha. Mkia unapiga huku na huku, mimi namsemesha nikiwa mbali, yeye anaketi.

Kabla sijafunga, maneno matatu kwa aliyeuliza swali na kwa mwingine aliyenyamaza.

Kama mgonjwa ni mtoto wako, usifanye kama mimi. Mimi ni mtu mzima, nilichagua nikijua. Mtoto hachagui, na usiku hawezi kusema kwamba kifua kinambana. Mtoto mwenye asma inayochochewa na mbwa, parseli yake isiwe na mbwa, tafuteni ulinzi mwingine.

Ukimwona mtu hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, au midomo inageuka rangi, au pompi ya bluu haimsaidii, msingoje asubuhi wala mvua kukatika. Mkalisheni wima, msimlaze, mwendeleeni kumpa pompi, mkatafute gari.

Na mwenye mbwa, hata asiye na alerji, ampeleke kwa munganga wa nyama apate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mji wetu una bahati, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha waganga wa nyama, basi wataalamu tunao hapahapa. Mtu akiumwa na mbwa, oshe kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Katika kikao kijacho nitasimama mimi. Nitakuja na pompi zangu mbili na ile chupa ndani ya kikapu, aliye na kifua kama changu aje akae karibu nami. Na nyinyi mnaopita mbele ya meza yangu sokoni: nikikohoa, niulizeni. Nitawaambia jina lake.

Mama mmoja wa Katuba